Folda ya Ingénieur Emery

Emery aliiona ile namba akiwa bado ameshika bawa la kuku. Kuku hakuwa wake, veranda haikuwa yake, na mwenye nyumba, papa Stanislas, hakukumbuka vizuri ni nani aliyemkaribisha kijana huyu mwenye koti la ngozi katikati ya joto la mwezi wa kumi. Siku zile hakuna aliyeuliza. Goma ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi, benki za kule zimefunga, na mtaa wa Golf hapa Lubumbashi ulijaa wafanyabiashara wa Kivu wanaotafuta mahali pa kuanza upya. Mdomo mmoja zaidi mezani ulipita bila kuonekana.

Papa Stanislas alikuwa ameweka kompyuta magotini, jasho linamtoka.

"Nani huyu mu mambo ya nyumba yangu?" alisema, macho kwenye kioo.

Emery akajisogeza, akachungulia. Palikuwa na majina ya watu wenye ruhusa ya kufungua folda ya pamoja ya nyumba. Majina yote yalikuwa ya Kikristo na ya heshima, isipokuwa mstari wa mwisho: herufi S, kistari, halafu tarakimu tupu zinazokwenda mpaka pembeni ya kioo.

Niwaambie ukweli mapema, maana Emery hakuusema. Namba ile si mtu mbaya. Windows ikikutana na jina lililozaliwa kwenye mashine ya Linux, ikashindwa kulisoma, inaandika namba, kama wale wakubwa wa reli wa zamani walioshindwa jina la babu yako wakampa matrikule, namba ya kazi. Ni hayo tu. Lakini Emery alikuwa ameishi kwa mambo madogo kuliko hayo.

Aliweka bawa chini, akajipangusa vidole kimoja kimoja.

"Papa, huyu bila jina iko anakaa mu nyumba yako tangu siku gani?"

"Sijue hata. Minamuona leo."

"Yeye anakuona. Weye haumuone. Ile njo hatari yenyewe."

Stanislas akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Na weye ni nani?"

"Ingénieur Emery. Ba serveurs, ba réseaux, ba droits d'accès." Aliyasema polepole, kwa sauti ya mtu anayetaja majina ya wagonjwa misani. Shule yake ya mambo hayo ilikuwa cybercafé moja ya Kamalondo, alikokuwa akiuza dakika za intaneti. Windows aliijua kweli. Mashine nyingine zote alizijua kwa kuzisikia, na hilo halikuwahi kumfunga mdomo.

Sasa nyumba ile, muielewe. Ni villa ya Stanislas, mtoto wa mfanyakazi wa reli, mkatoliki wa familia ya kaskazini. Vita vilipowaleta wageni, aliigawa kwa mbao nyembamba na kupangisha. Chumba kimoja alikichukua papa Kakule, muuzaji wa jumla kutoka Butembo, mtu wa sala na malori. Kingine alikichukua maman Émerance, mchoraji wa vitenge kutoka Goma. Émerance alikuwa na karakana kule, cherehani na wafanyakazi. Alitoka na kitu kimoja tu cha maana: seva yake, sanduku jeusi alilolifunga ndani ya blanketi akalibeba mgongoni mpaka Kalemie, watu wakimwambia mtoto wako halii, mama. Watoto wake wa kweli, wawili, walibaki kwa dada yake Butembo. Aliwaahidi kwamba akipata kazi kubwa moja tu atawaleta.

Seva hiyo ndiyo nyumba yote iliyoitumia. Juu yake kulikuwa na folda nne. Moja ya Stanislas, moja ya Kakule, moja ya Émerance, kila moja ikifunguliwa na mwenyewe tu. Ya nne iliitwa PAMOJA, na humo hakuna aliyeweka kitu isipokuwa tangazo la zamu za kuteka maji.

Na kazi kubwa ilikuwepo. Parokia yetu ilikuwa inatimiza miaka sabini na mitano. Kamati ya mama Agnès ilikuwa inatafuta kitenge cha jubilé, kile ambacho kila mama atakivaa kuanzia hapa mpaka Kasenga. Émerance alikuwa na mchoro, mzuri mpaka mama Agnès aliyeuona nusu yake alinyamaza, jambo ambalo si la kawaida. Lakini kamati ilitaka katikati ya mchoro wakae makatekista wa kwanza, na picha yao pekee ilikuwa ndani ya folda ya Stanislas: baba yake mwenyewe, na wenzake wa reli, mbele ya kanisa la matofali mabichi. Na ili kuchapa, kulihitajika faili la rangi la kiwanda cha China, ambalo bila hilo nyekundu inatoka kahawia. Hilo lilikuwa kwa Kakule, pamoja na nafasi yake ya kuchapisha kiwandani.

Vipande vitatu, watu watatu, ukuta wa mbao nyembamba. Walisalimiana kila asubuhi, wakaulizana watoto wameamkaje, na hakuna aliyemwonyesha mwenzake hata kona ya faili lake. Kila mmoja alikuwa anangoja wawili wengine wachoke.

Emery alimaliza kuku akiwa amekwisha kuyadaka yote hayo kwenye maongezi ya veranda. Mwenye vipande vitatu ndiye mwenye jubilé. Na mjini, kwenye hoteli yenye feni, alikuwepo bwana Chomba, mfanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka, ambaye angevinunua usiku mmoja na kuchapa kwa jina lake. Chomba alimsikiliza, akamwazima kompyuta ya kazi na viatu vyeusi vyenye ncha, maana mtu hawezi kuitwa ingénieur akiwa na kandambili.

"Ukishindwa, utarudisha vyote," Chomba akasema.

"Patron, neno hilo silijui."

Alianza na Stanislas, kwa sababu ya namba.

"Papa, mulango ya hii serveur inavuja. Tunajenga dossier moja mupya, mu PAMOJA. Kila mutu anaweka kintu yake ya jubilé mule. Miye ninabakia na ufunguo ju miye haniko na upande. Siku ya kamati, ninafungula mbele ya bote."

"Na ule Kakule ataona picha ya papa yangu?"

Emery akashusha sauti. "Kakule ataona mulango. Weye peke yako njo nitakupatia ndani."

Stanislas akaagiza soda ya pili.

Kwa Kakule alibadili kidogo tu. Kakule alikuwa na Mac ya zamani, aliyoiokoa kutoka ofisi yake ya Butembo, na Emery alipojenga folda mpya, akaipa jina FUNDI, kwenye mashine ya Kakule yakajitokeza maneno ya Kifaransa: Vous disposez d'un accès personnalisé, yaani una ruhusa iliyopangwa maalum.

Kakule aliyasoma mara mbili. "Personnalisé. Ni ya mimi peke?"

"Papa Kakule, ulifikiri ni ya nani?"

Mac husema hivyo kila inapokutana na ruhusa isizozielewa. Inaona aibu kusema sijui, nayo ni tabia ambayo Emery aliiheshimu sana. Kakule alifunga mashine yake na kumshukuru Mungu kwa sauti ya chini.

Akabaki Émerance. Emery alimkuta amekaa mbele ya sanduku jeusi, ana kalamu nyuma ya sikio, anaongea na simu. Mtoto wa upande wa pili alikuwa anauliza kama Lubumbashi kuna ziwa. Émerance akasema hakuna, lakini kuna aiskrimu. Akakata simu, akaiweka mezani bila kugeuka.

"Maman, samahani."

"Sema, ingénieur."

Akasema yote. Mlango unaovuja, namba isiyo na jina, mtu asiye na upande. Mwisho akainama. "Na balé babiri, maman, nitabapatia paka maneno tu. Mwenye kuchora njo mwenye kintu. Weye nitakupatia dossier muzima."

Émerance akageuka kumtazama. Alikuwa mwanamke mrefu, wa kusuka nywele zake mwenyewe, na aliwahi kufukuza wateja waliopunguza bei kwa dharau.

"Hiyo FUNDI umeijenga ndani ya PAMOJA?"

"Ndani ya PAMOJA."

"Na vidole vyako?"

"Na vidole vyangu, maman. Ni yangu. Hakuna mwenye ataigusa."

"Basi sawa," Émerance akasema. "Uite na wale."

Emery alitoka akipiga mluzi. Nawaomba msimcheke bado.

Ilikuwa baada ya misa ya Jumapili, saa ya chakula. Walikaa kwenye meza ya veranda, mashine nne wazi, ugali unapoa pembeni. Hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza, kwa hiyo ilibidi waweke pamoja, kwa mkono wa Emery kushuka. Mama Agnès alikuwa amealikwa kula tu, lakini alishika rozari ili mambo yawe rasmi.

Stanislas akaanza kupeleka kidole kwenye couper.

"Hapana, papa," Emery akamzuia. "Ukikata na kubandika, faili inahama na kufuli yake ya zamani. Itafika mule lakini itabakia yako. Fanya copier. Ukicopier, inazaliwa mupya, inachukua mulango ya nyumba yenye imezaliwa."

Hapo alisema kweli tupu, na ndiyo maana nilisema mapema kwamba alijua. Kilichomponza ni kile alichofikiri hakihitaji kuulizwa.

"Kila mutu tayari? Moya. Mbili."

Mkono ukashuka. Vidole vitatu vikabonyeza. Mistari ya kijani ikatambaa. Picha ya baba wa Stanislas ikaingia, faili la rangi likaingia, na mwisho, kwa uzito wake, mchoro wa Émerance. Mama Agnès akasema amina.

Sasa hapa ndipo ninapomwonea Emery huruma. Mfukoni alikuwa na clé USB. Kama angeichomeka na kunakili vile vitatu, leo Chomba angekuwa anauza kitenge chetu. Lakini Emery hakutaka kuwa navyo tu. Alitaka wengine wasiwe navyo, na alitaka hilo kwanza. Akaenda kwenye propriétés, akaenda sécurité, akatafuta pale panapokata urithi wa ruhusa, ili folda FUNDI isirithi tena chochote kutoka PAMOJA, na mlango ubaki na jina moja, lake.

Mashine ikamjibu kwamba hana haki ya kufanya hivyo.

Akabonyeza tena. Watu wote wa mji huu wakikataliwa na mashine hubonyeza tena. Jibu likawa lile lile. Akashuka chini, akatafuta jina la mwenye folda. Folda ambayo aliijenga yeye, juzi, kwa mkono wake, na kuipa jina.

Iliandikwa: Émerance.

"Ingénieur, unatafuta nini?" Émerance akauliza. Sauti yake haikupanda.

"Ninafunga, maman. Ju ya sécurité."

"Nimeisha kufunga."

Emery akachomeka clé, akarudi nyuma, akafungua PAMOJA, akabonyeza FUNDI. Accès refusé, hana ruhusa ya kuingia. Stanislas akajaribu kwake, Kakule akajaribu kwenye Mac, na kwenye Mac ile accès personnalisé ilikuwa imeondoka bila kuaga.

Niwaeleze, maana Kakule alieleweshwa mara tatu na ugali ukaisha kupoa. Kwenye Windows, aliyeumba folda ndiye mwenyewe. Emery alikulia humo, na watu wake ni wa Mitwaba, mahali ambapo mtoto ni wa baba na hakuna anayepoteza muda kujadili. Lakini sanduku la Émerance lilipangwa na Mutale, fundi wa Kasenga, na kwao Mutale mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anaweza kuzaa mpaka achoke. Watoto wanahesabiwa kule. Sisemi Mutale aliweka mila ya kwao ndani ya seva. Nasema tu kwamba Émerance alipomwomba apange hivi, kwamba chochote kitakachozaliwa ndani ya PAMOJA, na mtu yeyote, kitakuwa mali ya mwenye PAMOJA, Mutale hakushangaa hata kidogo. Aliona ni jambo la kawaida.

"Shi uliniambia ni miye peke," Stanislas akamgeukia Emery.

"Wewe?" Kakule akasema. "Mimi ndiye aliniambia ni mimi peke. Iliandikwa mpaka kwa Kifaransa."

Wote wawili wakamtazama Émerance.

"Na mimi pia," akasema. "Mimi aliniahidi zaidi, ju mimi ni mwanamuke."

Mama Agnès aliweka rozari kwenye mkoba, akachukua sahani yake ili asipitwe.

"Maman Émerance," Kakule akaanza, kwa sauti ya mzee wa kanisa, "hiyo ni wizi."

"Papa Kakule, ngoja." Na hapo ndipo sauti ya Émerance ilipotetemeka, kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile. "Ku Goma batoto ba atelier yangu balichora miaka na miaka ku mashine yangu. Kila mutu na jina yake, kila faili ya mwenye aliifanya. Siku ya masasi ya vita bakakimbia. Nikafungua, serveur inaniambia hii haiko yako. Kazi yangu yote, mu sanduku yangu, mu mikono yangu, na sikuweza kuona hata ua moja. Nililia kuliko nilivyolilia nyumba. Nikasema haitanifikia tena. Niko na batoto babiri, banaulizaka kila siku nitabaita lini. Sitangoja munyamaze hapa mpaka kamati ichukue mutu mwingine."

Kakule alikuwa na watoto pia, nao walikuwa mbali.

"Picha iko kwako, papa Stanislas, sikuichukua. Rangi iko kwako, papa Kakule. Nimeshika copie tu. Leo tutachapa, na jina yenu itakuwa kwenye kazi, na kila mutu atakula. Ninawafungulia dossier sasa hivi."

Akaandika kidogo, akaivuta picha ndani ya mchoro. Stanislas akabonyeza, na folda ikafunguka. Aliona picha ya baba yake, tayari imewekwa katikati ya mchoro, kati ya majani ya michikichi na reli zinazopindana. Akataka kuisogeza kidogo kulia, maana baba yake alipaswa kuwa katikati kabisa. Haikusogea.

"Lecture seule," Émerance akasema. "Mutaona. Kugusa, hapana."

Stanislas akaendelea kuitazama. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakuyaficha. "Amekaa muzuri hata vile," akasema.

Na Emery? Wakati wanaangalia, alikuwa amekwisha fika kwenye geti, kompyuta ya Chomba kwapani. Aliamini bado ana mdomo. Alimweleza Chomba kwenye hoteli kwamba kazi imekwenda vizuri isipokuwa kwa upande wa kiufundi, kwamba vipande vyote vitatu viko pamoja kama alivyoahidi, na kwamba kuna tatizo dogo la umiliki. Chomba alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Halafu akanyoosha mkono kuchukua kompyuta, na kwa mkono mwingine akaonyesha viatu. Emery alivuka mji mzima na soksi, akijaribu kutembea kama mtu aliyependa hivyo.

Kitenge kilifika kabla ya Noeli. Siku ya jubilé kanisa halikutosha, mama walijaa mpaka barabarani, na kila mmoja amevaa. Nyekundu ilikuwa nyekundu. Wale makatekista wa reli walipita mgongoni mwa kila mwanamke, wima, wamechoka, na baba wa Stanislas akiwa wa pili kutoka kushoto alipita mara mia mbele ya mtoto wake aliyesimama mlangoni akimwonyesha kila mtu. Kakule, ambaye si mkatoliki, alikuja kuona rangi zake na akabaki mpaka mwisho wa misa. Émerance aliingia mkono kwa mkono na watoto wawili wa Butembo, wameshonewa mashati ya kitambaa kile kile, mdogo akiuliza aiskrimu iko wapi.

Emery alikuwa kwenye geti, na kandambili. Alikuja kutafuta mtu wa kula naye. Lakini aliangalia wale mama wakipita, akaanza kujiuliza. Watu wale watatu waliishi na ukuta wa mbao kati yao, na wangeendelea kuishi hivyo mpaka jubilé ya miaka mia. Nani aliwakalisha meza moja? Nani alijenga ile folda? Nani alizuia kidole cha Stanislas kisikate?

Alimgeukia mzee aliyesimama karibu naye, akionyesha vitenge. "Papa, ile pagne, miye njo niliifanya."

Mzee akamtazama kutoka kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Kweli, papa. Bilikuwa bintu bitatu, kila moja kwake. Miye njo nilibiweka mahali pamoja. Bila miye hakuna pagne."

Emery alikuwa amewaambia watu wa mji huu kwamba yeye ni ingénieur, mpwa wa gavana, mwakilishi wa Umoja wa Mataifa, na walimwamini wote, wakamlisha. Mzee huyu alicheka mpaka akaegemea ukuta, akamwita jirani yake aje asikie, na jirani naye akacheka.

Mama wa ulinzi, mwenye utepe begani, akaja kuona kuna nini. "Kijana, sogea pembeni," akasema. "Unaziba benye kitenge."